Mchanga Mbishi

Barua ilikuwa na sentensi nne, muhuri mmoja na jina langu. Ilitoka ofisi ya Mpango wa Uchunguzi wa Saratani kwa Wachimbaji, Shinyanga. Ilisema mama mmoja wa kijiji cha Mwashilala, jirani na Segese, hastahili kupelekwa hospitali ya rufaa Mwanza chini ya mpango huo, kwa kuwa "imethibitika kitaalamu kwamba wanawake wa eneo hilo hawajishughulishi na uchomaji." Chini yake waliandika ni nani aliyethibitisha. Mayala, E., 2012.

Mayala huyo ni mimi. Euphrasia Mayala, profesa wa elimu ya sumu na saratani, mzaliwa wa Kishapu, mama wa Noela. Aliyeipiga picha barua na kunitumia ni Violeth, muuguzi wa zahanati ya Segese, na hakuweka hata salamu. Dakika chache baadaye akatuma picha ya pili: kiganja cha mkono wa kulia, kimejaa vinundu vigumu kama punje za mtama, na chini ya kidole gumba kidonda kilichochimbika mpaka kwenye nyama. Nilikuwa nakula chakula cha mchana. Nikasukuma sahani pembeni.

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Wanafunzi wangu wananiita Pilipili na wanadhani sijui. Hata kazi hii niliiingia kwa hasira. Nilipokuwa darasa la sita, ng'ombe kumi na mmoja wa baba walikufa kwa siku mbili baada ya kunywa maji yaliyotiririka kutoka kwenye josho. Bwana mifugo akaja, akaandika, akaondoka. Aliandika: "Imeonekana ni ugonjwa usiojulikana." Nilimsomea baba, naye, ambaye hakukanyaga darasani hata siku moja, akaniuliza ni nani aliyeuona huo ugonjwa. Nikaapa kwamba nitajifunza kuiita sumu kwa jina lake, na tangu siku hiyo sivumilii sentensi zisizo na mwenyewe. Imeonekana. Ilibainika. Haikuthibitika. Nani ameona? Nani amebaini?

Basi nikasoma kemia, nikasoma sumu, nikaua panya wengi kuliko paka wote wa Kishapu. Nilijifunza jinsi chembe isiyoonekana inavyoingia ndani ya seli ya mtu ikakaa kimya miaka kumi, kumi na mitano, kisha siku moja seli ikasahau namna ya kuacha kukua. Mwaka 2011 nikapeleka dodoso langu kwa wanawake mia sita na kumi na wawili wa machimbo madogo, kuanzia Msalala mpaka Geita. Swali la kumi na nne liliuliza: Je, unachoma? Machimboni hakuna asiyejua kuchoma ni nini. Ni kuunguza dhahabu iliyoshikana na zebaki mpaka zebaki itoke kwa moshi. Asilimia tisini na nne walijibu hapana. Nikaandika makala kwamba sumu ya machimbo ni mzigo wa wanaume, ikasomwa mpaka huko nisikofika, na uprofesa wangu ukakaa juu yake. Wenye mpango walipotaka kujua nani achunguzwe, waliifungua makala hiyo, wakaandika kwenye masharti yao neno moja: wachomaji.

Nikampigia Violeth. Alinieleza kwa sauti ya mtu aliyechoka kueleza. Daftari la mpango lingefungwa Ijumaa ya mwisho ya Septemba, na baada ya hapo halifunguliwi kwa miaka mitatu. Mwenye jina humo anapimwa, anasafirishwa, anapasuliwa bila kusubiri. Asiye na jina anarudi nyumbani na kidonda chake. Daktari wa Mwanza alikuwa ameziona picha, akasema ni saratani ya ngozi, na kama mama huyo angepasuliwa ndani ya mwezi mmoja angebaki na mkono wake. Akichelewa utakatwa kwenye kifundo. Akichelewa zaidi, hakuna wa kukata wala cha kukata. Zilikuwa zimebaki siku kumi na sita.

Nilifika Segese kesho yake. Mama mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi la zahanati, mkono umefungwa kitambaa safi. Sesilia, Mama Abel, miaka arobaini na sita, mke wa mchimbaji. Alinisalimu kwa kunyenyekea kuliko nilivyostahili, akanipa daftari lake la matibabu. Nililisoma kurasa zote. Mara tatu, katika miaka mitano, mara tatu, mtaalamu mwenye koti jeupe alikuwa ameandika: "Sugu za jembe."

Nikamwomba avue kandambili. Nyayo zake zilikuwa vilevile, zimejaa punje ngumu kuanzia kisigino mpaka vidoleni. Mgongoni alikuwa na madoadoa, meupe na meusi, kama ardhi yenye vumbi inapopigwa na matone ya kwanza ya mvua. Nikamgeukia Violeth, maskini, asiye na kosa lolote, nikamuuliza ni jembe gani hilo mtu analishika kwa nyayo. Na mgongo nao unalima?

Hiyo haikuwa zebaki. Zebaki inatetemesha mikono, inaharibu figo, inachanganya akili. Vinundu vile na madoa yale ni kazi ya aseniki, sumu inayolala ndani ya mwamba pamoja na dhahabu, na ikiachwa imelala haina neno. Kuna mtu alikuwa akiiamsha. Nikaenda na Mama Abel mpaka nyumbani kwake nikauliza kila kitu nilichofundishwa kuuliza: maji ya kisima, dawa ya pamba, dawa ya mifugo, tumbaku, dawa za mganga. Nikauliza tena kama anachoma. Akasema hapana, kuchoma ni kazi ya wanaume, wanafanyia huko huko mwaloni wanakooshea mchanga. Nilijaza kurasa mbili na sikupata kitu.

Hapo ndipo aliposema nisiondoke bila kula. Kukataa chakula kwa Msukuma ni kumtukana, nami najua, nikakaa. Jikoni mkwe wake Vumilia alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, anageuza kitu kwenye kikaango kwa mwiko, moshi mweupe umemzunguka kichwa. Harufu ya kitunguu saumu ilijaa uani. Nikamwambia Mama Abel kwamba mboga yake inanukia vizuri. Akacheka mpaka akajishika ubavu.

"Hiyo si mboga, Daktari. Ni mchanga."

Akanieleza bila haraka, anavyoeleza mtu kitu ambacho kila mwenye akili anakijua. Mchanga wa huku ni mbishi. Dhahabu imeng'ang'ania ndani na zebaki haiipati. Kwa hiyo wanaume wakishaosha wanawaletea wake zao ule mchanga mzito uliobaki, nao wanaukaanga jikoni, kikaango baada ya kikaango, mpaka ulegee. Mchanga mzuri unanuka saumu, na kadiri unavyonuka ndivyo utakavyotoa. Kisha wanaume wanauchukua, wanautia zebaki, wanachoma. Jina la dhahabu linabaki kwa mchomaji.

Mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili angejua. Aseniki ikipata moto inatoa moshi mweupe wenye harufu ya kitunguu saumu. Ni jambo tunalolifundisha wiki ya tatu, ubaoni, na wanafunzi wanacheka. Nilikiondoa kikaango motoni kwa mikono yangu, nikamtoa Vumilia nje, nikawaambia wasiukaange tena mchanga hata chembe. Halafu nikamuuliza Mama Abel, kwa sauti iliyopanda bila ruhusa yangu, kwa nini muda wote ule hakuniambia.

"Umeniuliza kama nachoma," akasema. "Sichomi. Na sisi tulishasema zamani. Walikuja watu wa madodoso, wenye fulana nyeupe, na mkubwa wao dada mmoja mwembamba mwenye kofia. Tukawaambia hatuchomi, sisi tunakaanga tu."

Dada mwembamba mwenye kofia nilikuwa mimi, kabla miaka kumi na mitatu haijaninenepesha. Ningeweza kusema pale pale. Badala yake nilisema naomba mchanga kidogo, na vipande vya kucha vya wanawake watakaokubali. Walikubali wanane. Nikavifunga kwenye bahasha, nikaandika majina, nikarudi Mwanza nikijiambia kwamba mama yule amekosea, kwamba kama wangesema ningesikia. Mimi ni Msukuma. Nyumbani bibi yangu alikalanga, ndivyo tunavyoita kukaanga, karanga na mbegu za maboga mbele yangu kila msimu. Neno kama hilo lisingenipita.

Madodoso yalikuwa kwenye makatoni saba, stoo ya idara, chini ya viti vilivyovunjika. Nilifunga mlango, nikaketi sakafuni. Swali la kumi na nne lilikuwa kama nilivyolikumbuka, hapana, hapana, hapana. Kisha nikaangalia swali la kumi na tisa, ambalo niliweka kwa ajili ya moshi wa kuni: Jikoni kwako unapika kwa njia gani, na wakati gani? Msaidizi wangu wa uwandani, Bernadina, binti wa Kahama, alikuwa na mwandiko wa duara, unasomeka vizuri. Alikuwa ameandika: "Anakaanga mchanga." Kwenye fomu iliyofuata: "Anakaanga mchanga mara tatu kwa wiki." Iliyofuata: "Anakaanga mchanga wa mume na wa shemeji."

Na juu ya kila neno "mchanga" kulikuwa na mstari mdogo wa kalamu ya kijani, umeifuta herufi moja. Ile g. Mchana. Anakaanga mchana. Pale palipokuwa na maneno ya ziada, kalamu hiyo hiyo ilikuwa imeyazungushia duara na kuandika pembeni: "Haieleweki. Acha."

Kalamu ya kijani nilikuwa nayo mimi peke yangu. Wasaidizi walikatazwa kuitumia.

Nilizihesabu. Fomu mia mbili na arobaini na moja. Mara mia mbili na arobaini na moja niliambiwa kitu kipya kabisa, kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiandika, nami nikakisahihisha kama mwalimu wa imla. Na sikuwa nimesahau, ndilo lililoniuma zaidi. Nilipokuwa nimekaa pale sakafuni nilikumbuka vizuri. Tulikuwa kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni Kahama, wasaidizi wote sita wapo, na Bernadina alisema, dada, wamesema mchanga. Nikamjibu mbele ya wenzake kwamba kuna watu wanaokuja kazini hawajui hata kuandika mchana, na ni nani mwenye akili timamu atakayekaanga mchanga. Wakacheka. Na yeye akacheka, kwa adabu, na hakusema tena.

Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto. Hatuwaambii kwamba unaweza kuuliza, ukajibiwa, na ukabaki mjinga kwa sababu aliyekujibu hajasoma kukuzidi.

Nilimtafuta Bernadina kwa simu. Siku hizi ana duka la dawa Geita, mbele ya soko. Nilimuuliza kama anakumbuka. Alikumbuka mpaka rangi ya mapazia ya ukumbi ule. Hakunilaumu, aliniuliza tu kama wale akina mama wanaendeleaje. Sikujua pa kutazama, ingawa nilikuwa peke yangu chumbani.

Majibu ya maabara yalitoka zikiwa zimebaki siku tatu. Mchanga wa Mama Abel ulikuwa na aseniki ya kutosha kuua maksai. Kucha za wanawake wanane, wote wanane, zilikuwa na kiwango ambacho nilikirudia mara tatu kwa kudhani mashine imeharibika. Nikayachapa, nikafunga na fomu mia mbili na arobaini na moja kwenye katoni moja, nikaenda Shinyanga. Ilikuwa Jumatano, na Ijumaa daftari linafungwa.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Dokta Donatus, kijana niliyemsimamia shahada yake ya uzamili, sasa ana kitambi na kiti kinachozunguka. Alisimama nilipoingia, akanipa shikamoo kwa mikono miwili, akawaambia wajumbe kwamba bila mimi mpango huu usingekuwepo. Nilieleza kwa dakika ishirini. Kikaango, moshi, saumu, kucha, vinundu, miaka inayohitajika kutoka moshi mpaka saratani. Nilisema kwamba masharti yao yanawaacha nje watu walioathirika kuliko wote, na kwamba yanategemea makala yangu, na makala yangu si kweli.

Sikuona aibu kwenye nyuso zao. Zilikuwa nyuso za watu wanaokokotoa usumbufu. Mjumbe mmoja aliuliza kama kukaanga si shughuli ya jikoni, maana mpango huu ni wa kazi za migodini, na jikoni ni suala la idara nyingine. Nilimuuliza kama aseniki inapoingia jikoni inabisha hodi na kubadilisha idara. Mwingine akasema wanawake wa vijijini wana tabia ya kuitikia chochote wanachoulizwa. Nikamkumbusha kwamba wanawake hawa waliulizwa kama wanachoma, wakasema hapana, na yeye akawaamini kwa miaka kumi na mitatu kwa sababu jibu hilo halikumpa kazi. Donatus akaomba tupumue, akaniita pembeni dirishani.

"Profesa, unataka kujivua nguo hadharani," alisema. "Tuandike andiko la utafiti mpya, kwa heshima yako. Miaka miwili tu."

"Nilimwacha mtu asubiri kumi na mitatu," nikamwambia. "Kaa chini tuendelee."

Tukaendelea. Na hapo ndipo mtakwimu wa kamati, mzee mpole ambaye hakuwa amesema neno, alipouliza swali la haki kabisa: kosa lilitokeaje? Nani aliifuta hiyo herufi? Nilifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa sentensi ya bwana mifugo.

"Ilionekana ni makosa ya tahajia," nilisema. "Yakarekebishwa wakati wa kuhariri madodoso."

Ilionekana. Yakarekebishwa. Mzee akatikisa kichwa, akasema ndiyo matatizo ya hawa wasaidizi wa uwandani, unamchukua kijana wa kidato cha nne unamkabidhi utafiti. Wajumbe wakaguna kukubali. Bernadina alikuwa Geita, nyuma ya kaunta yake, na mzigo wangu ulikuwa umetua begani kwake bila habari. Nami, mwanamke wa hasira, ninayewafokea madereva, wahasibu na mawaziri, nikainama nikapanga karatasi.

Walikubali kufikia saa nane. Masharti yalikuwa mawili. Niandike barua rasmi ya kuiondoa makala yangu, iwafikie kabla daftari halijafungwa. Na kati ya wale mia mbili na arobaini na moja, waingizwe walio hai peke yao, kijiji kwa kijiji, kwa uthibitisho wa mtu anayewajua. Donatus alieleza hili la pili kwa upole mwingi. Mpango hauchunguzi marehemu, alisema, na marehemu wakiingia wanaharibu takwimu.

Wanaharibu takwimu. Nilibeba maneno hayo kwenye gari kesho yake alfajiri, kutoka Shinyanga mpaka Isaka, ambako treni ya mizigo ilituzuia njia pamoja na foleni ya malori, na nikapata muda wa kuisoma tena barua niliyokuwa nimeiandika. "Mwandishi anaomba makala iondolewe kutokana na makosa yaliyojitokeza katika uingizaji wa takwimu." Makosa yaliyojitokeza. Kama uyoga. Niliona ubaya wake na sikuubadilisha. Treni ikapita, dereva wa nyuma akanipigia honi.

Mwashilala peke yake ilikuwa na majina sitini na nane. Violeth alikwishawagawia wauguzi wenzake vijiji vingine. Mama Abel alinikaribisha uani, akatandika mkeka, akaketi, mkono wake mbovu ameulaza juu ya goti. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba jina lake limeingia, kwamba Jumatatu gari litampeleka Mwanza. Alishukuru mara moja, bila kupiga vigelegele. Aliniuliza wasipokaanga watakula nini, na wanaume watasema nini, nikamjibu ukweli, kwamba bado sijui na nitarudi kulisemea hilo pia. Kisha nikatoa orodha na kalamu, nikaanza kumsomea.

Kabula Mihayo. Yuko hai, anakaa karibu na kisima. Minza. Amekufa, kidonda cha mguu kisichopona, na kwa ajili ya kidonda hicho bibi mmoja jirani yake alifukuzwa kijijini, ikasemwa amemroga. Nkwimba. Amehamia Geita. Milembe. Amekufa, alikuwa anakohoa damu, na haikuwa kifua kikuu, walimpima mara mbili. Mariana. Yuko hai, lakini amekonda sana. Kwandu. Amekufa. Kwa kila jina Mama Abel alitazama juu kidogo, kana kwamba anamwona mtu mwenyewe anapita barabarani, kisha akanipa jibu. Nilikuwa naweka alama kwa walio hai. Kwa waliokufa sikujua niweke nini, nikawa naacha pengo.

Jina la kumi na saba lilikuwa Klara Masalu. Safari hii Mama Abel aliinamia mkono wake. Nikadhani hajasikia, nikarudia.

"Huyo ni mdogo wangu, tumbo moja," akasema. "Alikufa mwaka juzi. Tumbo lilijaa maji." Akauinua mkono wake, akaulaza upya. "Alipoolewa huku hakujua kazi yoyote ya machimbo. Mimi ndiye niliyemfundisha kukaanga. Nilimwambia, ukisikia kinanuka saumu, furahi." Machozi yalimshuka, hakuyafuta. "Kwa hiyo ni mimi, Daktari. Nimemuua mimi mdogo wangu."

Nikamwambia si yeye. Nilisema haraka, nikamshika bega, nikasema hakuna aliyemwambia, asingeweza kujua, asijibebeshe.

"Basi ni nani?" akauliza.

Hakuuliza kwa ugomvi. Aliuliza kama baba yangu alivyouliza, kwa sababu mtu amekufa na lazima kuwe na aliyeona. Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Kulikuwa na wale wa sugu za jembe, kulikuwa na kamati, kulikuwa na wenye karasha, mashine za kusagia mawe ya dhahabu, kulikuwa na serikali, na wote walistahili kutajwa na nitawataja mpaka nife. Lakini hawakuwa wao walioambiwa kwanza.

"Yule dada mwenye kofia," nikasema, "ni mimi. Mlituambia mnakaanga mchanga. Iliandikwa vizuri. Nikaifuta mimi, kwa mkono wangu. Nilidhani mmesema mchana."

Alinitazama usoni, akanitafuta yule mwembamba, na nikaona alipompata. Nilisubiri anifukuze. Nilisubiri anitukane, na ningempa haki yake. Kuku walikuwa wanapekua karibu na mafiga yaliyopoa. Mama Abel alijifuta uso kwa ukingo wa khanga, akauvuta mkeka ukae sawa, akaelekeza kidole kwenye karatasi.

"Mwandike Klara kwanza," akasema. "Halafu soma anayefuata."